Kuhesabu Wasiopona

Sisi tuliolelewa kanisani tunajua ushuhuda una mpangilio wake. Unasimama, unalisifu jina la Bwana, unaeleza ulivyokuwa zamani, ulivyoguswa na ulivyo leo. Kanisa linaitikia kwa makofi na vigelegele, unakaa. Wangu huu utafuata njia hiyohiyo. Vigelegele sivitegemei, maana kilichonigusa mimi ni hesabu: hesabu ya vimelea vya malaria kwenye vioo vya maabara, na hesabu ya watoto walioumwa na wasioumwa.

Nimezaliwa milimani Usambara, wilaya ya Lushoto, katika nyumba ya mwinjilisti wa Kilutheri. Kwetu sala ilitangulia chai ya asubuhi na kufunga siku baada ya ugali wa usiku. Sekondari niliongoza UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, nikaokoka, nikawa mmoja wa wale vijana wanaowapa shida walimu wa baiolojia. Hoja yangu ilikuwa moja tu: sayansi inabadilika, Neno la Mungu halibadiliki, na kinachobadilikabadilika hakina haki ya kumfundisha mtu ukweli.

Mfano nilikuwa nao tayari. Mwaka 2001 serikali iliiondoa klorokwini, zile tembe chungu zilizotuacha tukijikuna mwili mzima, na SP (sulfadoksini na pirimethamini) ikawa dawa ya kwanza kupewa mgonjwa wa malaria. Mwishoni mwa 2006, nikiwa chuoni nasomea maabara, SP nayo ikawekwa kando, ikaja dawa ya mseto. Dawa tatu ndani ya miaka sita! Kwangu hiyo ilikuwa hukumu tosha. Nilisimama mbele ya wenzangu wa ushirika wa chuo nikawauliza ni lini waliwahi kusikia Zaburi imefanyiwa marekebisho. Walicheka, wakapiga makofi. Fani yenyewe niliisoma kama mtu anavyosomea ushonaji: ufundi wa kunipatia kula, usio na la kuniambia kuhusu ulimwengu.

Likizo zangu nyingi ziliishia kwenye mikutano ya injili, nikiwa mhudumu. Aliyewahi kusimama kwenye viwanja hivyo anajua mambo yanavyokwenda. Mhubiri akishaombea wagonjwa, wahudumu wenye beji vifuani hupita katikati ya watu wakiuliza: nani anajisikia tofauti? Anayesema mgongo umeacha kuuma hushikwa mkono na kupelekwa kando ya jukwaa. Pale huulizwa maswali mawili matatu, na kama anajieleza vizuri hupandishwa kwenye kipaza sauti. Anayesema bado, huambiwa aendelee kupokea kwa imani, na mhudumu husogea kwa mwingine.

Katika mkutano mmoja alikuwapo mama mwenye mtoto wa kiume anayeugua kifafa, mtoto mkubwa ambaye hakustahili tena kubebwa, lakini alimbeba. Alifika kila jioni na kukaa mahali palepale, karibu na jenereta, kwa kuwa pale kulikuwa na mwanga wa kumwona mtoto akianza kutetemeka. Na kila jioni mtoto alianguka. Siku ya mwisho nilipofika kwake niliuliza swali langu la kawaida. Hakunijibu. Alinionyesha tu kichwa cha mtoto alichokuwa amekilaza mapajani, chenye kidonda kibichi juu ya jicho. Nikaenda kwa mwingine. Usiku ule walioshuhudia walikuwa wengi, na sidhani kama kuna aliyesema uongo. Kila mmoja alieleza alichokihisi mwilini mwake. Ila mama yule hakuingia kwenye hesabu yoyote.

Mwaka 2009 nilipata kazi Korogwe. Mwaka huo majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S yalianza katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na kwa Tanzania vituo vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Watoto walioandikishwa kote walikuwa 15,459. Kazi yangu ilikuwa kusoma slaidi.

Tone la damu lililokaushwa juu ya kioo hutiwa rangi ya Giemsa, kisha unainamia hadubini na kuhesabu vimelea huku unahesabu pia chembe nyeupe za damu, hadi zifike 200. Ukimaliza unapiga hesabu, unapata wingi wa vimelea katika damu ya mtoto yule. Slaidi haina jina wala kijiji, ina namba tu. Nikishaandika jibu langu, slaidi hiyohiyo ilikwenda kwa msomaji wa pili ambaye hakuruhusiwa kuona nilichoandika. Tukipishana kupita kiasi kilichowekwa, ilikwenda kwa wa tatu.

Mwanzoni nililiona jambo hilo kama tusi. Nilikuwa na cheti, na alama zangu zilikuwa nzuri. Nilimwendea msimamizi wetu, mzee wa Tanga mjini aliyeanza kusoma slaidi tangu enzi za klorokwini.

"Shikamoo mzee. Kwani huniamini?"

"Marahaba. Sikuamini," alisema bila kuinua macho kwenye hadubini. "Wala sijiamini. Juzi umesoma slaidi yangu, hukujua tu."

Kisha aliinuka, akanieleza taratibu. Jicho lililochoka huona vimelea kwenye uchafu wa rangi. Jicho lenye haraka huviruka vilivyopo. Na jicho la mtu anayetamani sana chanjo ifanikiwe ni baya kuliko hayo mawili, kwa sababu huona linachokitaka na moyo wa mwenye jicho ukabaki mweupe kabisa. Tiba yake ni moja: jicho la pili ambalo halijui la kwanza limeona nini.

Utaratibu huo ulitawala jaribio zima. Kura ndiyo iliyoamua mtoto gani achomwe RTS,S na yupi achomwe chanjo ya ugonjwa mwingine kabisa. Waliokuwa na umri mkubwa kidogo walipewa ya kichaa cha mbwa, wachanga wakapewa ya homa ya uti wa mgongo. Waliotayarisha sindano walijua, lakini hawakuruhusiwa kugusa kazi ya kupima matokeo. Wazazi, madaktari waliotibu watoto na sisi wa maabara hatukujua. Yaani watu waliokuwa na hamu kubwa kuliko wote ya kuona chanjo inafanya kazi walikuwa wamejifunga macho kwa hiari, wakijua hamu yao ingeweza kuwadanganya. Tangu utoto nilikuwa nimehubiriwa kwamba moyo wa mwanadamu ni mjanja na humdanganya mwenyewe. Pale Korogwe niliona kwa mara ya kwanza watu walioliamini fundisho hilo kiasi cha kulitungia kanuni.

Siku moja nilifuatana na wenzangu waliokuwa wakieleza fomu ya ridhaa kijijini. Muuguzi alisoma hadi pale panaposema kwamba haijulikani kama chanjo itamkinga mtoto. Bibi mmoja aliyekuja na binti yake na mjukuu akamkatiza.

"Mwanangu, ninyi ndio wataalamu. Kama ninyi hamjui, nani anajua?"

"Hakuna anayejua, bibi," muuguzi akamjibu. "Ndiyo maana tumekuja kuuliza."

Bibi alicheka, akamgeukia jirani yake: "Hawa angalau wanasema." Halafu akamwambia binti yake achukue kalamu.

Katika miaka yote ya kusimama kando ya majukwaa sikuwahi kumsikia mtu aliyeshika kipaza sauti akisema hajui. Na nilikuwa nimeamini kwamba akisema hivyo, watu wataondoka.

Matokeo yalitoka kwa awamu. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17, malaria ilipungua kwa takriban nusu katika mwaka wa kwanza. Mwaka uliofuata yakatoka ya wachanga, nayo yalikuwa dhaifu zaidi. Mwaka 2015 ukaja mkeka kamili: kwa wale wakubwa kidogo, waliopata dozi zote nne, chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 36 katika takriban miaka minne. Ilianza na nguvu, nguvu ikawa inapungua. Tena miongoni mwa watoto hao waliochanjwa walionekana wagonjwa wengi zaidi wa homa ya uti wa mgongo kuliko kwa wenzao, na haikujulikana kama sababu ni chanjo au ni bahati tu ya takwimu. Yote hayo yalichapishwa, na waliochapisha ni upande uleule uliokuwa ukiihangaikia chanjo hiyo tangu mwaka 1987.

Nilipoisoma asilimia 36 nilikumbuka kipaza sauti. Ili mtu aweze kuandika asilimia 36 lazima awe amewahesabu na wale ambao chanjo haikuwafaa, akawaandika na kuwatangaza mbele ya watu. Mama wa karibu na jenereta, kwenye hesabu ya Korogwe, angekuwa na namba.

Shirika la Afya Duniani halikukimbilia kusema ndiyo. Liliagiza chanjo itolewe kwanza kwa majaribio katika huduma za kawaida nchini Malawi, Ghana na Kenya, kuanzia mwaka 2019. Baada ya watoto zaidi ya 800,000 kuchanjwa, ile hofu ya uti wa mgongo haikuthibitika, na Oktoba 2021 shirika likapendekeza chanjo itumike kwa watoto wa maeneo yenye malaria. Mwaka 2015 neno lao lilikuwa subirini. Mwaka 2021 likawa chanjeni. Kijana wa UKWATA angeuita huo ukigeugeu.

Nirudi nyuma kidogo: mwaka uleule wa 2011, matokeo ya kwanza yalipotoka, nchi nzima ilikuwa inazungumzia jambo jingine. Maelfu ya watu kutoka kila pembe ya Tanzania, na Kenya pia, walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500, wakitarajia kupona kisukari, kansa, pumu, hata UKIMWI. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi. Siwacheki walioenda, wamo ndugu zangu wa damu. Ila niliyafuatilia magazeti kwa jicho la mtu wa slaidi. Shuhuda za waliopona zilijaa kurasa. Waliorudi nyumbani kama walivyokwenda hawakuwa habari.

Hapo ndipo nilipoirudia hoja yangu ya klorokwini. Waliobadilika kwanza hawakuwa wanasayansi, walikuwa vimelea. Usugu dhidi ya klorokwini uliripotiwa Afrika Mashariki tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya kuchosha na isiyo na sifa: kumpa mgonjwa dawa, kumfuata hadi kwao siku kwa siku, kumtoboa kidole, kusoma slaidi, na kuandika kila ambaye vimelea vyake vilirudi. Muheza, jirani zetu hapo Korogwe, ni moja ya mahali kazi hiyo ilipofanyika kwa miaka mingi. Leo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ibadilishwe inaposhindwa kwa asilimia 10 ya wagonjwa au zaidi. Tafakari maana yake: dawa inayoponya watu wanane kati ya kumi, ambayo ingejaza jukwaa lolote kwa shuhuda za kweli tupu, inaondolewa kwa ajili ya wawili.

Na hata hukumu hiyo haifungwi kwa kufuli. Malawi iliacha klorokwini mwaka 1993, ya kwanza barani Afrika. Miaka kama kumi na miwili baadaye watafiti wa Blantyre waliijaribu upya, wakakuta karibu kila mtoto aliyepewa anapona. Vimelea sugu vilikuwa vimetoweka baada ya dawa kukosekana. Pamoja na hayo hakuna aliyeirudisha mbio kwenye maduka, kwa kuwa walijua usugu ungerudi nayo. Na mseto tunaoutumia sasa unatazamwa vivyo hivyo: mabadiliko ya vinasaba yanayochelewesha dawa kuua vimelea yameshaonekana Rwanda, Uganda na kwetu mkoani Kagera.

Nisije nikaeleweka kwamba wanasayansi ni malaika. Mwaka 1955 dunia ilitangaziwa kuwa malaria itafutwa, kwa DDT na dawa, na sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara ikaachwa nje ya mpango huo. Mbu wakawa sugu, fedha zikapungua, na mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani likaliweka kando lengo hilo. Kiburi ninakijua, nimefanya kazi na maprofesa walio nacho cha kutosha kujaza kanisa kuu. Lakini profesa naye slaidi yake inasomwa na mtu wa pili. Unyenyekevu wa sayansi umewekwa kwenye utaratibu, hausubiri mtu awe mnyenyekevu.

Jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa baba. Nilihofia kwamba nikimweleza ninayoyaona ataona mwanawe amepotea. Nilikwenda Lushoto, tukakaa barazani, nikamweleza kuhusu kura, kufungwa macho na asilimia 36. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamuuliza nililokwenda nalo.

"Baba, umewaombea wagonjwa maisha yako yote. Waliokufa unawahesabu?"

"Nawajua kwa majina," alisema. "Si mimi niliyewazika?"

"Na mama wa marehemu akikuuliza kwa nini mwanawe hakupona?"

"Namwambia sijui, mama. Nakaa naye. Wenye majibu, mwanangu, walikwenda kwa Ayubu. Soma mwisho wa kitabu uone Mungu aliwakasirikia kina nani."

Nilikuwa nimesoma kitabu cha Ayubu mara nyingi na kukifundisha, lakini hasira hiyo iliyowaangukia marafiki wenye maelezo ya kila kitu nilikuwa nimeipita haraka. Yule mwinjilisti wa kijijini alikuwa na imani isiyotikisika juu ya ufufuo, na hakuwa na jibu hata moja juu ya kwa nini mtoto fulani alikufa Jumanne. Uhakika wote niliokuwa nao mimi, ule wa kujua nani atapona, nani hana imani ya kutosha, ugonjwa upi ni pepo, sikuupata nyumbani. Niliuokota viwanjani.

Nilipolisimulia hili kwa mzee wa maabara, ambaye ni Mwislamu, alinikumbusha kwamba masheikh wa zamani waliomsomesha chuoni walikuwa wakishatoa jawabu la sheria, hata walilolisomea miaka, wakilifunga kwa Wallahu aalam, kwamba Mungu ndiye ajuaye zaidi. Na Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba ujuzi wetu ni wa kipande tu. Dini zetu zinalijua jambo hili. Tumelihifadhi kwenye vitabu na kuliacha nje ya vipaza sauti.

Basi hivi ndivyo nilivyo leo. Nasali, naimba kwaya, na siku nitakapozikwa nataka wimbo wa ufufuo uimbwe wote, beti zote. Hayo hayasomwi kwa hadubini, na sina haja ya kuyapeleka huko. Lakini imani inaposema kwamba huyu hapa hana tena kisukari, au mtoto huyu kifafa kimekwisha, imesema jambo linalopimika, na jambo linalopimika sharti likubali msomaji wa pili. Mtu akiniambia ameponywa namwambia Mungu asifiwe, twende tukapime. Aliyepona kweli hapungukiwi kitu. Ambaye bado, anarudi kwenye dawa yake akiwa hai.

Huu nao ni ushuhuda mmoja, wa mtu mmoja aliyechagua mwenyewe cha kusimulia. Uhesabiwe kama mmoja.

Kwa wahubiri, mitume na manabii, na kwa wote wanaosoma dua juu ya vichwa vya wagonjwa, ombi langu ni dogo. Msimwambie mtu yeyote aache dozi. Na kwenye mkutano ujao wekeni daftari mlangoni. Andikeni kila mgonjwa anayeingia, jina, kijiji na anachoumwa. Baada ya miezi mitatu mtumeni mtu awapitie wote, kisha mrudi uwanjani na kusoma hesabu mbili kwenye kipaza sauti kilekile: waliopona na wasiopona. Mungu tunayemhubiri hana sababu ya kuiogopa hesabu hiyo.